Mbeba Mwavuli Naye Aseme

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti la mvua, jipya, zito, lenye vifungo vya shaba. Nilifurahi nikalivaa papo hapo, katikati ya jua la Homa Bay. Fundi Mkuu Owino akanitazama kwa huruma, kisha akanieleza taratibu kwamba koti lile si langu, ni la projekta. Mvua ikitukuta njiani, mimi nilowe, projekta isilowe.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya sinema za Biblia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msichana aliyekomea kidato cha pili na mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Niliamini kwamba ukiwaonyesha watu Bahari ya Shamu ikigawanyika siku ya Ijumaa, kufikia Jumapili watakuwa wamerudishiana ng'ombe wote walioibiana. Nawaandikia nyinyi vijana ambao leo mnapiga video kwa simu na kuziita sinema. Nataka mjue kazi hii ilifanywa vipi. Tena, kusema kweli, kuna jambo limenikera miaka hii yote na sijapata mahali pa kulitua.

Kitengo cha Sinema kilikuwa cha kanisa letu, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya saruji. Tulikuwa watatu. Juu alikuwa Bwana Mkurugenzi, mtu msafi, aliyesomea mambo ya picha Nairobi na asiyependa vumbi, jambo lililomtesa kwa sababu sisi kwetu vumbi halimwulizi mtu amesoma wapi. Chini yake alikuwa Fundi Mkuu Owino, aliyeendesha gari, jenereta na projekta. Halafu mimi Apiyo, mfasiri.

Projekta ni mashine inayopitisha mkanda wa filamu mbele ya taa kali na kurusha picha kwenye pazia jeupe. Mkanda ulizungushwa kwenye gurudumu tuliloliita rili. Rili moja ikiisha, Fundi Mkuu anafunga nyingine, na hapo katikati ni mimi niliyewashikilia watu kwa wimbo wasitawanyike. Mkanda ukikatika, anausawazisha kwa wembe na kuubandika kwa utepe. Hiyo tuliita kuunga. Filamu zetu zilikuwa zimeungwa mara nyingi mno, hata Musa alikuwa akifika kileleni anashuka papo hapo, hana muda wa kuongea na mtu.

Kazi ya mfasiri ilikuwa hivi. Filamu zilisema Kiingereza. Fundi Mkuu alipunguza sauti yake, nami nikasimama kando ya pazia na maikrofoni, nikisema maneno ya kila mtu kwa Kijaluo. Tukiwa Migori mjini, ambako soko lina watu wa kila kabila, nilisema kwa Kiswahili. Jioni moja nilikuwa Farao, Musa, mama yake Musa, na ng'ombe pia, wakihitajika. Mungu tu ndiye sikuruhusiwa. Kamati ya kanisa ilisema haifai Mungu kuwa na sauti ya msichana, kwa hiyo maneno yake akapewa Fundi Mkuu, ambaye moshi wa jenereta ulikuwa umemwingia kifuani. Kwa muda mrefu Mungu wa pande zetu alikuwa na kikohozi.

Sasa, hizo filamu zenyewe. Zilitoka ng'ambo, na watu wote ndani yake walikuwa weupe. Mitume walikuwa na macho rangi ya anga. Mariamu alikuwa na ngozi ya mtu ambaye hajawahi kuteka maji juani. Katika filamu moja mtume pekee mwenye uso mweusimweusi alikuwa Yuda, na watoto walikuwa wameshamjua hata kabla hajagusa ule mfuko. Mara moja, Migori, tukikunja pazia, msichana mdogo alinivuta sketi akaniuliza kama huko mbinguni nywele zake zitanyooka zenyewe au kuna mtu wa kuzichana. Nilimjibu kwamba zitabaki kama zilivyo, ni nzuri. Akanitazama kama mtu mzima anayemtazama muuza dawa za uongo. Alikuwa ameona sinema. Mimi nilikuwa na maneno tu.

Kituo nilichokipenda kuliko vyote ni Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji walikuja moja kwa moja kutoka mashimoni, vumbi hadi kwenye nyusi, wakakaa chini bila kulalamika. Siku hiyo tulionyesha habari za Mfalme Sulemani. Malkia wa Sheba akaingia, ametoka kusini kabisa na dhahabu zake, na yeye mwenyewe mweupe kama maziwa. Dhahabu iliwakalisha wima wachimbaji wote. Nyuma ya malkia alisimama mtu mweusi, mrefu, kashika mwavuli wa manyoya. Hakusema kitu. Hakuna hata aliyemtazama humo ndani ya filamu. Lakini Macalder walimtazama.

"Yule ni wa kwetu," mchimbaji mmoja akasema kwa sauti. "Mfasiri, yule anasema nini?"

Wengine wakadakia. Anasema nini? Huwezi kumsimamisha mtu juani siku nzima asiseme chochote. Nikatazama pazia, yule bwana mdomo ameufunga, mwavuli juu. Nikaleta maikrofoni karibu nikamsemea: "Mkono wangu umechoka, na dhahabu hii ilichimbwa kwetu."

Kwa vifijo vyao hata jenereta haikusikika tena. Walitaka arudishwe aseme upya, na Fundi Mkuu, ambaye hakuwa na tabia ya kurudisha rili nyuma kwa sababu mkanda huweza kukatika, akarudisha. Tangu siku hiyo mbeba mwavuli akawa mtu wa kusubiriwa. Ndhiwa nilimfanya amwonye Sulemani kuhusu kuoa wake wengi. Asumbi, wasichana wa bweni hawakuniita tena kwa jina langu, gari likiingia langoni walikuwa wakipiga kelele, "Mwavuli amekuja."

Habari zikafika ofisini. Bwana Mkurugenzi akaniita, akapangusa kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa.

"Apiyo, yule mtu hana maneno katika filamu."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Ndiyo maana nikampa."

"Huwezi kumpa mtu maneno ambayo hakupewa na wenye filamu."

Fundi Mkuu, aliyekuwa akisafisha lenzi pale dirishani, akakohoa kile kikohozi cha Mungu. Nikaamriwa niache. Niliacha, isipokuwa Macalder, maana Macalder wangelipindua gari.

Nisije nikaeleweka vibaya. Wale wa ng'ambo niliwasamehe mapema. Walikuwa na kamera, wakajipiga picha wenyewe. Nani angekataa kujipiga? Hasira yangu ilikuja baadaye, kamera ilipofika mikononi mwetu.

Ilifika katikati ya miaka hiyo. Ilikuwa kamera ya video, ya kubeba begani, nzito kama mtoto wa miaka miwili, yenye kaseti tumboni. Bwana Mkurugenzi akatangaza kwamba sasa tutatengeneza mchezo wetu wenyewe wa Biblia, hapa hapa, na tutaanza na habari za Ruthu. Nilicheza densi ofisini. Ruthu ni hadithi yetu kabisa. Mwanamke mgeni kutoka Moabu ameolewa na watu wengine, mume amekufa, mama mkwe, Naomi, anamwambia arudi kwao, naye anakataa. Anaingia shambani kuokota masazo nyuma ya wavunaji, na mwishowe ndugu wa marehemu, Boazi, anamchukua. Nilipowasimulia wanawake sokoni Ndhiwa walicheka hadi wakashika mbavu. Walisema kumbe Biblia nayo ina jater, yaani yule ndugu anayemrithi mjane, na kwamba huyo Naomi alijua kazi yake.

Ruthu mwenyewe nilikuwa nimeshampata. Aliitwa Robi, Mkuria, aliyeolewa na Mjaluo wa Ndhiwa jina lake Ogola. Ogola akafa. Robi hakutaka kurithiwa, na hakutaka kurudi kwao. Alibaki na mama mkwe wake, mwanamke mkali wa maneno ambaye wote tulimwita Min Ogola, kwani ndivyo tunavyomwita mama kwa jina la mwanawe. Robi alinijia mara ya kwanza baada ya onyesho la Sulemani. Aliniuliza yule mbeba mwavuli ni wa kabila gani. Nikasema sijui, hakuna ajuaye.

"Basi ni kama mimi," akasema. "Miaka yote hii kwenye boma la watu, nimesimama nyuma nimeshika mwavuli."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali paa linapovuja. Mkubwa wa boma lile, Mzee Ogutu, ndugu wa marehemu baba mkwe wake, alikuwa ameshasema kwamba mavuno yakiisha ukoo utaketi, uamue kama Robi ni wao au arudishwe Ukuria. Akirudishwa, Min Ogola angebaki peke yake katika nyumba ile. Ndiyo iliyokuwa shida yao. Na mimi, kwa moyo wangu ule wa ndoto, nikafikiri: ukoo mzima ukimwona Robi ndani ya televisheni akiwa Ruthu, aliyemzaa babu yake Mfalme Daudi, nani atathubutu kumwambia afungashe?

Kamati ikaketi Homa Bay. Sijui niwaeleze vipi kikao kile bila kupandisha presha. Mwenyekiti alisema haiwezekani Ruthu awe Mkuria, maana tutakuwa tunawaambia watu kwamba aliyemzaa babu yake Daudi alikuwa jamwa, yaani mtu wa kabila la nje. Nikasema ndivyo Biblia inavyosema. Akasema Biblia inasema Mmoabi, haisemi Mkuria. Nikasema Mmoabi ndiye aliyekuwa jamwa wa kule. Akaniambia nisilete ukabila kwenye Neno. Mwingine akauliza kama hatuwezi kumpata Ruthu Mjaluo atakayejifanya mgeni. Nikahesabu mabati ya paa. Mwishowe walikubali, si kwa hoja zangu. Walikubali kwa sababu ilikuwa saa ya chakula.

Tulipiga picha shambani kwa Mzee Ogutu. Mtama ulikuwa umekomaa, vichwa vimeinama, na Mzee Ogutu alikuwa amekubali mwenyewe, amevua kofia, amepeana mkono na Bwana Mkurugenzi. Robi akafungwa kitambaa kichwani. Min Ogola alikuja kuangalia, akakaa juu ya mtungi uliogeuzwa, akitoa maagizo ambayo hakuombwa: kwamba Boazi amesimama kama mtu mwenye njaa, kwamba Ruthu hawezi kuokota na mgongo ulionyooka. Kweli mgongo wa Robi ulikuwa umenyooka. Aliokota kama mtu anayeingia kwake. Fundi Mkuu, jicho kwenye kamera, alinong'ona kwamba hajawahi kupata picha kama ile.

Wavunaji walikuwa wamekata labda mistari miwili mikayi alipotokea. Mikayi ni mke wa kwanza. Huyu alikuwa mikayi wa Mzee Ogutu, mama wa boma zima. Alisimama ukingoni mwa shamba, hakuingia.

"Nani amefungua mavuno yangu?"

Bwana Mkurugenzi akamwendea na tabasamu, akamwambia asijali, ni sinema tu, mama.

"Na mtama huu uliolala chini," mikayi akauliza, "nao ni wa sinema?"

Nawaeleza, maana wengi wenu mmezaliwa mjini. Kwetu mikayi ndiye anayefungua kupanda, na ndiye anayefungua kuvuna. Hakuna kisu kinachogusa nafaka kabla ya mkono wake. Na mjane ambaye hajarithiwa haingii kwenye shamba lenye nafaka la mtu mwingine. Bwana Mkurugenzi alikuwa amevunja yote mawili asubuhi moja, kwa sababu alidhani mwenye shamba ni yule mwenye kofia. Sisi nasi tulidhani ameshapita jikoni kwa mikayi. Mtu gani anaomba shamba bila kupita jikoni? Mwanamume anaweza kukuazima ardhi. Mavuno si yake kuazima.

Mikayi hakuwa na fujo. Alisema tusimame, yeye mwenyewe atafungua kesho alfajiri, atapika mavuno ya kwanza, kisha tuendelee na sinema yetu. Kuhusu mjane, alisema hilo si lake, wanaume wa boma waseme kama huyu ni wao. Mzee Ogutu akakohoa, akatazama mbali, akasema tungoje kikao. Hadi hapo Robi akae nje ya shamba.

Robi akatoka. Alitoka kwa kurudi nyuma, akiinua vichwa vya mtama alivyovikanyaga, kimoja kimoja, akivisimamisha. Vikaanguka tena.

Kungoja kikao kungetuchukua wiki chache tu. Lakini Bwana Mkurugenzi alikuwa amepata sababu aliyokuwa akiitafuta. Alikwenda Nairobi akarudi na Ruthu mwingine: msichana mwembamba, mweupe wa kujipaka, nywele za kushonea hadi mgongoni. Msichana mwenyewe alikuwa na adabu, tena alinionea haya. Aliniuliza kwa sauti ya chini Moabu ni upande gani ili ajue atazame wapi. Sina neno naye. Nilimfuata mkubwa wangu ofisini.

"Watu wanataka kuona mtu wa Biblia," akaniambia.

"Mtu wa Biblia anafananaje, Mkurugenzi?"

"Apiyo, unajua ninachomaanisha."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Aliniambia desturi za watu ziheshimiwe, kwamba mimi mwenyewe nilimsikia mikayi. Hapo ndipo damu iliponichemka. Mikayi alimzuia mjane asiingie shambani kabla ya boma kuamua. Hakusema popote kwamba Ruthu apakwe poda. Kuchukua neno la mama yule na kulifanya kuwa pazia la kumfichia Robi, hilo sijaliweza hadi leo, na nikilikumbuka chai hunipoa mkononi.

Basi mtama ukafunguliwa, msichana wa Nairobi akaokota na mgongo ulionyooka kwa sababu nyingine, na picha zikaisha. Ikabaki sauti. Yule msichana hakujua Kijaluo, kwa hiyo alikuwa amesema maneno yake kwa Kiswahili, nasi tukahitaji kuweka sauti. Hiyo ni kazi ya chumbani. Kuta zetu tulizibandika trei za mayai na blanketi ili mwangwi ufe. Unamtazama mtu kwenye televisheni, unavuta pumzi anapovuta, unaanza mdomo unapofunguka, unamaliza unapofumba. Bwana Mkurugenzi aliniambia nimsemee Ruthu. Nilimjibu kwamba tayari namsemea Naomi, na mtu hawezi kujiambia arudi kwao kisha akajikatalia mwenyewe.

"Basi tafuta yeyote," akasema, akifungua gazeti. "Sauti haionekani."

Fundi Mkuu na mimi tukatazamana. Kesho yake alipeleka gari Ndhiwa akarudi na Robi.

Robi alikuja amevaa nguo ya kanisani. Alipoona kwenye kioo cha televisheni uso ule mweupe umevaa kitambaa chake, kilekile alichofungwa shambani, alikigusa kioo kwa kidole. Kisha akaniambia, "Nilishika mwavuli kwa mkono. Sasa mnataka niushike kwa mdomo." Nilimwambia gari lipo, linaweza kumrudisha. Akatazama maikrofoni, akatazama trei za mayai, akacheka kidogo. "Yule wa Macalder alisemewa," akasema. "Mimi angalau nitasema mwenyewe."

Akasema. Kijaluo chake kilikuwa na ule mzigo wa Kikuria ambao miaka ya ndoa haikuutua. Bwana Mkurugenzi alichungulia mlangoni akataka nimfundishe kutamka vizuri. Nilimkumbusha kwamba Ruthu alikuwa mgeni. Alifikiri kidogo, akasema haya, watu huangalia uso.

Onyesho la kwanza tulilifanya Ndhiwa, uwanja wa soko, giza lilipoanza kuingia. Safari hii hapakuwa na pazia wala rili. Ilikuwa televisheni kubwa juu ya meza, na spika mbili juu ya gari. Mbele, kwenye viti, walikaa Mzee Ogutu na ndugu zake, maana mtama ulikuwa wao. Wanawake walikaa chini upande mmoja, mikayi na Min Ogola wakiwa pamoja. Robi hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, karibu na jenereta. Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa Jumamosi ya juma lile.

Ikafika ile sehemu. Naomi, yaani mimi, akamwambia Ruthu arudi kwa mama yake. Yule msichana mweupe akafungua mdomo, na sauti ya Robi ikatoka: "Mama, usiniambie nirudi."

Min Ogola akasimama.

"Huyu ni nani?"

Wakamwambia ni Ruthu, mama, kaa chini unatuzibia.

"Sauti naijua. Huo uso siujui." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Mtoto wa watu, umeazima mdomo wa mke wa mwanangu ukaupeleka wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifika mezani, akaitoa leso yake mabegani, akaifunika televisheni yote, akaivuta pembe zikakaa sawa, kama anayefunika chakula. Bwana Mkurugenzi aliruka kutoka kitini. Fundi Mkuu akamwekea mkono begani, mkono wenye grisi, juu ya lile shati safi.

"Mkurugenzi, sauti haionekani," akamwambia. "Waache waisikie."

Ikabaki leso, maua yake yakiwaka kwa nyuma, na sauti ya Robi ikitoka juu ya gari, ikienea soko zima. "Unapolala nitalala. Shamba utakalolima nitalilima. Watu wako ndio watu wangu, wakinitaka, wasiponitaka. Na udongo utakaokufunika ndio utakaonifunika." Kicheko kilikuwa kimekatika. Nilimwona mwanamke mmoja amemziba mtoto mdomo ili asikilize.

Min Ogola alikuwa bado amesimama kando ya meza, kichwa amekiinamisha kuelekea spika.

"Sasa ninamwona," akasema.

Kisha akamgeukia mkubwa wa boma. "Ogutu, umesikia alichoniambia. Kama unataka arudi kwao, mwambie sasa hivi, mbele ya watu, angali anasema."

Mzee Ogutu akavua kofia. Akaitazama ndani kana kwamba neno lilikuwa limeandikwa humo. Aliyesema ni mikayi, kutoka pale chini alipokaa, bila hata kuinuka, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho.

"Robi, kesho pitia kwangu uchukue mbegu."

Nimeshawaambia mikayi ni nani katika kupanda. Akikupa mbegu kwa mkono wake, wewe ni wa boma, hapana haja ya kikao. Jumamosi waliketi, nasikia, wakazungumzia ng'ombe.

Ningependa kumalizia hapo na kuwatakia heri. Lakini mtu akiwa amefanya kazi hii muda mrefu kama mimi hawezi kudanganya kuhusu mwisho wa rili. Ile kaseti ilinakiliwa ikaenda Migori, ikaenda visiwani, ikaenda mahali ambako Min Ogola hakuwepo na leso yake. Kule kote watu walimwona Ruthu mweupe. Mwishoni majina yalipanda, la msichana wa Nairobi likiwa la kwanza, na la Robi halikuwemo, ingawa nililidai hadi nikaambiwa nina maneno mengi kwa mtu anayelipwa kwa maneno. Tulipotengeneza kuzaliwa kwa Yesu, malaika walichaguliwa kwa rangi, kama vitambaa. Wakuria walipewa kuwa askari wa Herode. Mchezo baada ya mchezo nilipiga kelele kwenye kamati, na mchezo baada ya mchezo ikawa saa ya chakula.

Bwana Mkurugenzi alihamishiwa makao makuu. Projekta ilikufa ikiwa kavu, ndani ya lile koti. Fundi Mkuu alistaafu kabla yangu, na siku zake za mwisho, nilipomtembelea, kikohozi chake kilikuwa bado kinanifanya nikae wima kama mtu aliyeitwa na Mungu. Mimi nilibaki nikiweka sauti kwenye kaseti, kisha kwenye redio ya kanisa, hadi sauti yenyewe ikaanza kukwaruza nikastaafu. Robi ana nyumba yake pale pale Ndhiwa. Min Ogola alizikwa mbele ya mlango wa nyumba ile, na Robi ndiye aliyemfunga leso.

Wiki iliyopita vijana wa kanisa letu walinijia na simu yao. Wana mchezo wa Biblia, wanataka niwasaidie sauti. Watoto wazuri, wachangamfu, wananikumbusha mimi na koti langu. Nikawauliza nani ni nani. Wakanionyesha: Mariamu ni yule msichana mweupe wa kwaya, malaika ni binamu yake, na simu ina kitu cha kuwang'arisha zaidi. Shetani ni kijana mweusi kuliko wote, amesimama nyuma yao akitabasamu, amezoea. Nikamwuliza yeye alitaka kuwa nani. Akawatazama wenzake kwanza, kisha akasema Yusufu.

Nikawaambia waingie ndani waniletee leso iliyo kitandani.

Wakauliza ya nini.

"Ya kufunika simu yenu," nikasema. "Halafu wewe Yusufu, sogea mbele, anza."